Fundi Anayesubiri Giza

Milio ilikuwa ya aina mbili, na fundi aliisikiliza yote kabla hajashika bisibisi. Kwanza ule mwembamba usiokatika, sss, kama mafuta yanayoanza kupata moto. Kisha, kila baada ya muda usiotabirika, ta! kavu, na picha ikasinyaa kidogo na kurudi. Baada ya ta! ya tatu alizima. Harufu ya ozoni, ile kali inayokwaruza pua, ilikuwa imeshatoka nyuma ya kabati.

Karakana yake iko Sange, kando ya barabara ya kitaifa namba 5, ile inayotoka Bukavu na kuteremka uwanda wa Ruzizi hadi Uvira. Mzigo wa siku hiyo uliletwa na mwenye jumba la sinema: televisheni kubwa ya kabati, yenye projekta ndani yake, ambayo watu wawili huibeba wakihema. Haina kioo kimoja chenye chogo kama televisheni za zamani za nyumbani. Ina tyubu tatu ndogo, ya nyekundu, ya kijani na ya bluu, zimepangwa chini zikitazama juu. Mwanga wa kila moja hupita kwenye lenzi, hugonga kioo kilichoegemezwa nyuma, ndipo huangukia skrini ya mbele. Tyubu hizo hudai volti zipatazo 30,000. Zote hutoka kwenye kifaa kimoja ambacho mafundi wa Kongo hukiita THT, kisha hugawanywa kwenye kiboksi cheusi chenye waya tatu nene. Hewa kavu huanza kushindwa kuzuia umeme kwenye volti kama 3,000 kwa kila milimita. Kwa hiyo umeme wa humo ndani unaweza kuruka karibu sentimita nzima bila kusaidiwa, na vumbi lenye unyevu huusaidia sana.

Mchana huo alifungua mgongo wa kabati tu. Alipuliza vumbi la juu kwa pampu ya baiskeli, akakaa mbali na kioo cha ndani. Kioo hicho kimepakwa tabaka linaloakisi upande wa mbele, si nyuma kama cha kunyolea ndevu, na kitambaa kikipita mara moja tu kinaacha mikwaruzo isiyofutika. Kisha akaendelea na redio za watu. Mwenye sinema alipouliza kwa nini kazi haianzi, alijibiwa kwa upole: “Papa, cheche haionekani kwenye jua. Tungoje usiku.”

Giza lilipoingia, jambo la kwanza alilofanya halikuhusu televisheni. Alimwambia mwanafunzi wake atoe kidumu cha petroli ya jenereta, akiweke mbali, upande wa pili wa ua. Hapa Sange hakuna anayeuliza sababu. Tarehe 2 Julai 2010 lori la mafuta lilipinduka katika mji huu, mafuta yakashika moto, na watu zaidi ya 230 wakafa. Baadhi yao walikuwa wamejazana kwenye vibanda vya sinema wakitazama Kombe la Dunia.

Kidumu kilipokuwa mbali, mlango ulizibwa kwa blanketi, taa ikazimwa. Fundi alisimama juu ya ubao mkavu, mkono wa kushoto nyuma ya mgongo. Huo ndio utaratibu wake: mkono mmoja tu ndio unaofanya kazi, ili umeme ukimpata usivuke kifua kutoka mkono hadi mkono. Mwanafunzi akawasha. Tulikaa kimya mpaka macho yakazoea. Kwenye tyubu ya kijani, pale waya mnene unapoingia ubavuni, mpira ulikuwa umezungukwa na ukungu wa zambarau. Huo ndio uliokuwa ukilia sss. Ghafla uzi wa bluu ukaruka kutoka ukingo wa mpira hadi kwenye kishikizo cha chuma. Ta!

“Nizime, Papa fundi?”

“Ngoja. Nione inaanzia wapi.”

Aliingojea iruke tena, mara kadhaa, kila mara akiinamisha kichwa upande mwingine. Hapo ndipo nilipomwelewa. Fundi mwenye haraka angepaka silikoni penye uzi na kwenda kulala. Yeye alitaka kujua kwa nini uzi ulichagua mahali hapo.

Baada ya kuzima na kung'oa waya wa umeme, alichukua bisibisi ndefu iliyofungwa waya unaoshika fremu, akaipenyeza taratibu chini ya mpira. Kishindo kidogo. Akaondoka, akanywa maji, akarudi akarudia, na kishindo kingine kikatoka, hafifu zaidi. Kioo cha tyubu hutunza umeme mfano wa kapasita, na baada ya kumwagwa hujikusanyia tena masalio. Ndiyo maana hakuridhika na mara moja.

Sababu ilijulikana asubuhi. Mbele ya kila tyubu kuna chumba cha maji ya kupoza, mchanganyiko wa glaikoli na gliserini, mtamu, mzito, wenye sumu. Gasketi ya tyubu ya kijani ilikuwa imekakamaa. Tone baada ya tone, maji yalikuwa yameteremka ubavuni, yakanasa vumbi la uwanda na kujichorea barabara hadi kwenye chuma. Juu ya barabara hiyo palikuwa na mstari mweusi, mwembamba kuliko unywele: kaboni, mabaki ya plastiki iliyoungua. Kaboni hupitisha umeme. Ukiifunika kwa gundi umeifungia njia ndani tu.

Kabla ya kulegeza skrubu yoyote alichora alama kwa kalamu ya wino usiofutika, kwenye koili ya shingoni na kwenye fremu, ili tyubu irudi kwa pembe ileile. Alikwangua kaboni kwa wembe mpaka plastiki safi ikaonekana, akasugua kwa mswaki na spiriti, akaacha ikauke. Gasketi mpya aliikata kutoka kipande cha mpira wa silikoni, ile ya zamani ikiwa kielelezo. Maji ya kujazia aliyachuja kutoka televisheni mfu ya aina hiyo hiyo. Ya kijani ya magari hayafai, kwa kuwa yangeipaka picha rangi. Aliyamimina polepole, tyubu ikiwa imelazwa, akigonga kwa kidole mpaka mapovu yakatoka.

Kwa mpira wa waya alitumia silikoni, lakini kwanza aliinusa. Ile inayonuka siki hula shaba. Aliyoichagua haikunuka siki. Akapaka, akaweka kabati kando, na hakuiwasha siku hiyo wala usiku wake.

Ilipowashwa haikutoa sauti. Kwenye giza la blanketi hapakuwa na ukungu. Bado picha ilikuwa mbovu, kila mtu ana vivuli viwili, chekundu na cha bluu, maana tyubu ikiguswa rangi hupishana. Akafungua mistari ya kupimia, misalaba ya rangi tatu skrini nzima. Ya kijani ndiyo kiongozi. Akaanza katikati, akasogeza nyekundu hadi ikamezwa, kisha bluu, msalaba ukawa mweupe. Akahamia wa pili. Kwenye kona nyekundu ilikataa, ukiivuta huku inakimbia kule, na akairudia bila kuguna. Sijaona kazi inayochosha macho hivyo ikifanywa kwa uso uliotulia vile.

Mwenye sinema alikuja na pikapu na swali moja: itadumu?

“Hii ya kijani, ndiyo. Hizo mbili gasketi zake ni za umri uleule, Papa. Usinunue mashine nyingine, lakini weka pesa kidogo.”

Kabla ya kufunga mgongo wa kabati alikata kipande cha utepe, akaandika tarehe na maneno “kijani: gasketi mpya”, akakibandika ndani, pale fundi atakayefuata ataangalia kwanza.