Mluzi ni Deni

Mto Lufilyo unapokaribia kuingia Ziwa Nyasa, upande wa Matema, maji yana mamba. Mbwa akifukuza ndege kuelekea kwenye matete, mwenyewe hana cha kumwokolea zaidi ya neno moja: "Njoo!" Mbwa wangu, Simba, alilisikia vizuri. Aligeuza sikio, kisha akaendelea na safari yake. Nilimwita mkaidi, mpaka nilipokaa nikachambua nilivyomlea.

Aliwahi kula usipa wa jirani ulioanikwa ufukweni. Nikamwita, akaja, nikamchapa. Kwangu mimi fimbo ilikuwa ya wizi. Kwake ilikuwa ya kuja, kwa sababu mnyama huunganisha malipo na tendo alilolifanya punde tu. Siku nyingine nilimwita ili nimfunge kamba. "Njoo" likawa neno la fimbo na kamba.

Dawa niliipata kwa panya. Morogoro, kwenye Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, shirika la APOPO hufundisha panya buku kunusa mabomu ya ardhini na kifua kikuu. Somo la mwanzo ni mlio mfupi unaofuatwa na chakula, tena na tena, hadi mlio wenyewe uwe ahadi. Wanaoandaliwa kutafuta watu chini ya vifusi huvalishwa kikoti. Panya akimpata mtu huvuta swichi iliyo kwenye kikoti hicho, kisha hurudi alikoanzia. Chakula kinamngoja huko anakorudi. Mcheza kwao hutunzwa.

Nikaanza upya. Neno la zamani lilikwisha kuharibika, nikaliacha. Nilichagua mluzi, ambao pia hupenya upepo wa ziwa kuliko sauti ya mtu. Uani, Simba akiwa hatua tatu tu, nilipiga mluzi na kumpa kipande cha usipa mkavu, mara kumi kwa siku. Kisha tukahamia shamba la kokoa, akiburuza kamba ya mita 10. Sikumvuta kwayo, ilikuwepo ili asijifunze kwamba akipuuza mluzi anafaidi.

Ufukweni kulikuwa kugumu zaidi: watoto, mbuzi, harufu ya samaki. Huko nilirudi kwenye hatua tatu zilezile. Vishawishi vikiongezeka, umbali upunguzwe. Vyote viwili havipandishwi kwa pamoja.

Nilipiga mluzi mara moja tu, kwani kurudiarudia humfunza mbwa kungoja wa tano. Akisita, sikumkimbiza, niligeuka nikakimbilia upande wa pili, naye akanifuata. Akifika, nilimshika mkanda wa shingoni, nikamlipa, na mara nyingi nikamwachia akaendelee kucheza, asije akadhani kuitwa ndiyo mwisho wa starehe. Alipokwisha kuzoea, usipa ukaja safari hii, ukakosekana ile, naye akazidi kukimbia kwa kuwa hakujua ni ipi yenye malipo. Sifa na mkono mgongoni hazikukosekana hata mara moja.

Sasa hugeuka akiwa ameshafika kwenye matete. Siku ya chanjo ya kichaa cha mbwa, hata hivyo, sikumpigia mluzi. Nilimfuata mwenyewe alikolala, nikamfunga kamba taratibu, ili uchungu wa sindano usihesabiwe kwenye deni lile.