Mabinti Watano wa Mama Bennet, Tuseme Wangezaliwa Shinyanga

Kila nikiirudia Pride & Prejudice ya Joe Wright (2005), simwangalii Darcy. Namwangalia Mama Bennet, anayechezwa na Brenda Blethyn: mabinti watano ndani, presha juu, kila kijana mwenye nyumba akipita mtaani yeye roho mkononi. Watazamaji humcheka. Sasa mchukue mama huyo na mabinti wake hao hao, mpeleke kijiji chochote cha Shinyanga. Nani atampa pole? Watampa hongera. Mabinti watano ni zizi zima!

Hapo ndipo filamu za mapenzi ya kale zinapopinduka zikifika kwetu. Kwenye Uingereza ya Jane Austen, binti alitarajiwa kwenda kwa mume na fungu lake. Asiye na fungu alikuwa mashakani, na nyumba ya akina Bennet yenyewe inamsubiri binamu Collins, kisa hakuna mtoto wa kiume. Kwa Wasukuma mali inatembea njia ya pili: ng'ombe wanatoka kwa muoaji kuja kwa baba wa binti. Huku Geita siku hizi hata dhahabu imo. Darcy wa Nyarugusu hana jumba, ana karasha.

Kwa hiyo na hofu inageuka. Charlotte Lucas, miaka 27, anamkubali Collins kwa kuwa anaona amechelewa. Kwetu wangapi wanapewa nafasi ya kuchelewa? Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2010 ulikuta kwamba mkoani Shinyanga (ule mkubwa, kabla haujamegwa) wanawake 59 kati ya kila 100 wa umri wa miaka 20 hadi 24 walikuwa wameolewa kabla ya kufika 18. Ukiijua namba hiyo, zile ngoma za ukumbini na glavu ndefu unaziangalia kwa jicho jingine. Unaanza kuuliza nani anahesabu nini nyuma ya pazia.

Ndiyo maana Vuta N'kuvute ya Amil Shivji (2021) inanisumbua, na naipenda. Zanzibar ya miaka ya 1950 imepigwa kwa rangi ambazo, we acha tu. Yasmin ameozwa kwa Bwana Raza, mtu wa umri wa baba yake, anatoroka, anakutana na Denge, mpigania uhuru. Filamu imeweka moyo wake kwa Yasmin na Denge, na inawapa muda wa kutosha. Raza amebaki kama mlango wa kutokea tu. Mimi ningekaa naye zaidi. Katika riwaya ya Adam Shafi Yasmin ana miaka 15, na wanaomwoza si majambazi, ni wazazi wanaodhani wamempatia maisha mema.

Miaka 15! Ndiyo ile ile ya Sheria ya Ndoa ya 1971, ambayo Rebeca Gyumi aliipeleka Mahakama Kuu akashinda 2016, na Mahakama ya Rufani ikamuunga mkono 2019. Gauni la Yasmin ni la kale. Umri wake si wa kale.

Natamani siku moja mtu apige filamu ya zamani ya Usukumani, na najua atakimbilia chagulaga: jioni, vijana wanamfukuzia binti, wanamzunguka, na hawamwachii mpaka ataje mmoja wao. Ni picha tamu sana kwa kamera. Jina lenyewe ni amri ya kuchagua, ila kusema "simtaki yeyote" si moja ya majibu. Kabla sijasifia shanga, nitaangalia kamera inakimbia na nani: na vijana, au na yule binti, anayesikia miguu nyuma yake?