Tusipime Damu, Tupime Mlango

Mwezi uliopita, kwenye mkutano wetu wa vijana, lililetwa pendekezo: filamu za kutisha zisionyeshwe tena kituoni, na wenye vibanda vya video hapa Kakuma waombwe wasiwaruhusu watoto kuziangalia. Sababu iliyotolewa ni nzuri. Watoto hawa wameona mambo, tusiwaongezee. Nilinyoosha mkono kupinga nikapewa dakika mbili. Jambo hili haliishi kwa dakika mbili, ndiyo maana naandika.

Kwanza nikiri, mimi ni mpenzi wa filamu hizi, hasa zile za bei rahisi. Zimwi la mpira lenye zipu inayoonekana mgongoni, damu ya rangi ya juisi, mtu aliyekufa lakini bado anapumua, zote nazipenda. Nimezaliwa Kudhaa, kisiwa cha Wabajuni, kusini ya Kismayo. Nilikuwa mtoto Al-Shabaab walipoishika Kismayo, 2008 mpaka 2012, na chini yao sinema ilikuwa haramu, hata mpira kwenye televisheni. Filamu yangu ya kwanza niliiona kwenye simu ya ami yangu, sauti imezimwa, tumejifunika tanga la mashua. Ilikuwa ya nyoka mkubwa anayekula watu mtoni. Sikusikia neno hata moja. Niliogopa mpaka nikacheka, halafu nikataka tena.

Sasa tuje kwenye filamu ambayo ingekuwa ya kwanza kupigwa marufuku: Sharknado, ya 2013. Kimbunga kinazoa papa baharini na kuwamwaga juu ya mji wa Los Angeles. Papa wanaruka hewani, wanauma watu barabarani, wanaingia mpaka sebuleni. Damu ni ya ndoo. Mwisho shujaa anajirusha mdomoni mwa papa na msumeno wa injini mkononi, anapasua tumbo, anatoka mzima. Na hatoki peke yake, anamtoa na msichana aliyemezwa kabla yake.

Mimi ni mtoto wa wavuvi. Kwetu papa anakamatwa kwa jarife, nyama yake inatiwa chumvi na kuanikwa, na maini yake yanatoa sifa, yale mafuta ya kupaka mashua. Najua papa akitolewa majini anafanya nini: anapiga mkia mara kadhaa, basi. Kwa upande wa ukweli filamu hii haina hata robo. Lakini nilipowaonyesha vijana wa kundi langu, walicheka mpaka kiti kimoja cha plastiki kikavunjika. Baadaye watoto ambao hawajawahi kuona bahari wakaniuliza papa wa kweli ana ukubwa gani. Nikachora mchangani kwa kijiti. Nikawaambia habari za jarife, za sifa, za kusi na kaskazi. Nilizungumza juu ya Kudhaa kwa nusu saa bila kufika kwenye vita vya 2014. Tangu nije kambini hilo halikuwahi kunitokea.

Wengi wetu hadithi hii tunaijua tangu utotoni. Bibi alituhadithia zimwi linalomeza kijiji kizima, watu na mbuzi, halafu mtoto mmoja aliyebaki analipasua na wote wanatoka wazima. Sharknado ni ile ile, wameongeza msumeno tu. Filamu za mazimwi ndivyo zilivyo: kinachokuja kukuua si mtu, na tumboni mwake kuna njia ya kutokea. Mussa Banzi wa Tanzania alipotengeneza Nsyuka, mwanzoni mwa miaka ya 2000, alichukua mfu anayerudi wa imani za Wanyakyusa. Hakuwa na pesa za Hollywood, lakini alikuwa na hadithi ambayo watazamaji wake walikuwa wanaijua nusu tayari.

Hapa mtu wa shirika ataniuliza: basi kila filamu ya bei rahisi ni salama? Hapana. Kosa langu mwenyewe ndilo lililonifundisha.

Halloween ya 1978, ya John Carpenter, ilitengenezwa kwa dola 300,000 hivi, pesa kidogo sana kwa Marekani. Kinyago cha muuaji kilinunuliwa dukani, hakikufika dola mbili: ni sura ya Kapteni Kirk wa Star Trek iliyopakwa rangi nyeupe. Hadithi inatokea majira ya majani kuanguka, lakini walipiga picha majira mengine, kwa hivyo wakapaka majani rangi na kuyaokota tena ili yatumike kwenye picha inayofuata. Kama mpenzi wa filamu navua kofia. Na damu karibu haina. Ndiyo maana niliichagua. Niliwaza, hii haina damu, haina matumbo nje, vijana wa miaka kumi na minne wanaweza.

Kuna mahali msichana anajificha kabatini, na yule mtu mwenye kinyago anaanza kuvunja mlango wa kabati. Kijana mmoja wa kundi langu alisimama akatoka nje. Si mwoga yule, kwenye Sharknado ndiye aliyevunja kiti. Nilimkuta ameegemea tangi la maji. Nikamuuliza, vipi? Akasema, "Kaka, huyo hana haraka." Kisha akasema, "Wale pia hawakuwa na haraka."

Sikumuuliza wale ni nani. Nilikaa naye mpaka filamu ikaisha.

Tangu siku hiyo naziangalia filamu hizi kwa jicho lingine. Bodi ya filamu ya Kenya ina madaraja yake: GE, PG, 16, 18. Ni kazi inayofaa, na sisemi iachwe. Lakini sisi tunapojaribu kupima hapa kambini, tunahesabu damu. Damu ya juisi haimrudishii mtu kitu, kwa sababu aliyeona damu ya kweli anajua hii siyo. Kinachomrudishia ni mlango. Ni kitasa kinachozungushwa polepole, au hatua za mtu nje ya nyumba usiku. Vitu hivyo havihitaji pesa, na filamu ya dola mbili inaviweza sawa na ya mamilioni. Hata Jaws ya 1975 ni hivyo. Papa wao wa mashine aliharibika ovyo kwenye maji ya chumvi, kwa hivyo Spielberg akamficha, na kwa zaidi ya saa nzima tunaona maji tu. Ni filamu bora kuliko Sharknado mara mia, sibishani. Lakini mtu aliyevuka bahari usiku kwa mashua iliyojaa, mpe Sharknado.

Jambo la pili ni sauti. Vibandani kwetu watu wanapenda filamu zilizotafsiriwa na DJ Afro, anayesimulia juu ya picha kwa Kiswahili chake cha mtaani. Tanzania walikuwa na Lufufu. Kule Wakaliga, Kampala, Isaac Nabwana alipotengeneza Who Killed Captain Alex? mwaka 2010, kwa bajeti inayotajwa kuwa chini ya dola 200, VJ Emmie alitia maneno yake juu ya filamu, anachekesha watu huku risasi zinalia. Wasomi wengine wanasema hawa wanaharibu filamu. Mimi nasema ni mtu wa tatu aliyekaa kati yako na hofu. Bibi naye alifanya hivyo, zimwi likikaribia alikuwa anatukumbusha kwamba yeye yupo.

Kwa hivyo pendekezo langu kwa mkutano ujao ni hili. Mazimwi yaachwe. Za watu wenye visu na milango tuwaachie watu wazima, hata kama hazina tone la damu. Anayeonyesha filamu azitazame zote mwenyewe kwanza, kitu ambacho mimi sikufanya vizuri. Ukumbini awepo mtu wa kusema, na mlango wetu ukae wazi, mtu atoke bila kuulizwa.

Na nyinyi wakubwa, wakimbizi na watu wa mashirika, tafuteni Halloween ya 2018. Msichana wa kabatini sasa ni bibi. Miaka arobaini imepita. Nyumba yake imejaa makufuli, taa na bunduki, na serikali ilimnyang'anya binti yake kwa sababu alimlea kwa hofu. Familia inamwona mwendawazimu. Filamu nyingi za visu huishia asubuhi, msichana amepona, majina yanapanda. Hii inauliza aliishije baada ya hapo. Niliitazama peke yangu kwenye simu, sauti imewashwa. Nilipomaliza nilikwenda kuangalia kama nimefunga mlango. Nilikuwa nimeufunga mara mbili.

Yule kijana bado anakuja kila Ijumaa. Wiki iliyopita aliniuliza kama Sharknado ina sehemu ya pili. Nikamwambia ziko sita.