Kuisoma Spika Kabla ya Kuiwasha

Gitaa la umeme peke yake ni kipande cha mbao chenye nyuzi. Lipige bila umeme, na aliyekaa meza ya pili hatalisikia. Sauti tunayoijua kuwa ya benga, zile nyuzi za juu zinazokimbizana mpaka mwimbaji ananyamaza na kuyaachia magitaa uwanja, hutoka kwenye karatasi: koni ya inchi 12 iliyogandishwa kwenye koili ya waya mwembamba, na koili hiyo hucheza ndani ya mwanya mdogo mno wa sumaku. Mtu aweza kuwa na gitaa zuri na vidole vilivyofunzwa na Victoria Jazz ya Ochieng Nelly na Collela Mazee, lakini spika ikiwa mbovu, hana sauti. Kwa hiyo nawastahi sana mafundi wa Kisumu, wa Kibuye na wa Kondele, wanaoweza kuitazama spika kuukuu na kusema ilitengenezwa wapi, lini, na kama bado ina uhai.

Spika hizi huwafikia kwa njia nyingi. Bendi imevunjika, kanisa limenunua mitambo mipya, ndugu wamegawana vitu vya marehemu. Anayeileta huwa na hakika ya jambo moja, kwamba ni nzito.

“Jaduong’, hii ni ya Mwingereza. Orijino.”

“Iweke hapo kwanza, omera. Uso chini.”

Habari ya bei itangoja, na umeme utangoja zaidi. Fundi asiye na subira huunganisha waya mara moja ili asikie kama inalia, na kama koili imepinda, sekunde chache za sauti kubwa zinatosha kuimaliza. Fundi wa kweli huanza nyuma, kwenye sumaku.

Zipo sumaku za aina mbili kubwa. Ferite ni duara pana, jeusi, bapa. Alniko ni ndogo, ndefu kidogo, na mara nyingi imefichwa ndani ya kikombe cha chuma au chini ya kifuniko chenye umbo la kengele. Wanunuzi wengi sokoni huigusisha bisibisi mgongoni mwa spika. Ikinasa kwa nguvu wanafurahi, isiponasa wanaisukuma kando. Kipimo hicho kinapotosha. Kikombe cha chuma huirudisha nguvu ya alniko ndani, kwenye mwanya wa koili ambako ndiko inakohitajika, na nje hubaki kidogo tu. Kwa bisibisi, spika iliyo bora kuliko zote mezani yaweza kuonekana dhaifu kuliko zote. Fundi anayelijua hilo huinunua iliyokataliwa.

Baada ya sumaku huja maandishi. Kenya ilitawaliwa na Mwingereza hadi 1963, na majina ya Uingereza ndiyo wapiga magitaa wengi hapa hutafuta kwanza: Celestion, Goodmans, Fane. Kwenye Celestion, lebo inayotaja Thames Ditton ni ya zamani kuliko inayotaja Ipswich, na pale palipoandikwa omu 15 badala ya 16, hiyo nayo ni dalili ya umri. Ndipo fundi hulowesha kitambaa, hufuta fremu taratibu, na kutafuta alama ndogo zilizogongwa: herufi ya mwezi, herufi ya mwaka, na tarakimu za siku. Herufi A ya mwaka ni 1956, lakini kwa kuwa walifika M wakiiruka I, A hiyo ilirudi tena mwaka 1968. Herufi peke yake, basi, haitoshi. Lazima iulizwe pamoja na sumaku, lebo na umbo la fremu.

Wamarekani walitumia tarakimu. Spika yenye 220632 ni ya Jensen, maana 220 ndiyo namba ya kiwanda hicho. 465 ingekuwa Oxford, na 137 ingekuwa CTS. Tarakimu 6 ni mwaka unaoishia na 6, na 32 ni wiki ya mwaka, yaani mwanzoni mwa Agosti. Agosti ya 1956 au ya 1966? Hapo fundi huangalia herufi ya modeli. Jensen waliandika P kwa alniko na C kwa ferite, na mwaka 1956 spika zao za ferite zilikuwa bado hazijatoka. C ikionekana, mwaka umepatikana. Nimewaona wasomi wa nyaraka wakifanya kazi ya namna hii kwenye barua za kale, ushahidi mmoja ukiusahihisha mwingine, na sioni kwa nini tuiite ya fundi kwa jina dogo zaidi.

Jina alniko linatokana na aluminiamu, nikeli na kobalti, na katika aina iliyotumika sana kwenye spika, kobalti ni takriban asilimia 24. Kobalti nyingi ya dunia, kwa sehemu kubwa ya karne iliyopita, ilichimbwa Katanga, nchini Kongo. Na Katanga ndiko alikotoka mpiga gitaa Jean-Bosco Mwenda, aliyerekodiwa na mtafiti wa muziki Hugh Tracey kule Jadotville mwaka 1952 na kufika Nairobi mwaka 1959, pamoja na Edouard Masengo, ambaye naye alifanya kazi Nairobi. Upigaji wao wa vidole uliwafundisha vijana wa Afrika Mashariki kwamba gitaa moja laweza kubeba besi na wimbo kwa pamoja. Wajaluo wakauchanganya na mwendo wa nyatiti, ala yao ya nyuzi, na benga ikapata miguu. Mwaka 1978 waasi walipouteka mji wa Kolwezi, huko huko Katanga, bei ya kobalti ilipanda vibaya na viwanda vilivyokuwa bado vinatumia alniko vikaikimbilia ferite. Kila ninapoona spika ya alniko kwenye meza ya Kisumu, nawaza kwamba huenda madini yaliyo nyuma ya karatasi na vidole vilivyotufunza kupiga vilitoka katika ardhi moja.

Ikishasomwa, spika hupimwa, bado bila amplifaya. Mita huwekwa kwenye ncha mbili za koili. Spika ya omu 8 husoma 6 au 7 hivi, na ya 16 husoma 12 au 13. Hilo ni sawa, kwa sababu mita hupima waya tupu. Ikisoma sifuri koili imegusana, isiposoma kitu imekatika. Kisha fundi huweka vidole vya mikono miwili kuizunguka kofia ya katikati na kuisukuma koni ndani kwa usawa, polepole, sikio likiwa karibu. Ikishuka kimya, koili iko katikati ya mwanya. Mkwaruzo mdogo kama mchanga chini ya kiatu ni habari mbaya: koili imepinda kwa joto, au kutu imeingia.

Na kutu hapa ni jambo la kila siku. Tuko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, lakini ziwa liko mlangoni, na unyevu wake huingia ndani ya makasha yaliyofungwa miaka mingi katika nyumba za Dunga au Nyalenda. Karatasi huvimba, gundi huachia, chuma cha mwanyani huchubuka. Mwenye alniko yenye kutu hutamani kuivunja sumaku aisafishe. Fundi mwema humkataza, maana alniko ikitenganishwa na chuma chake hupoteza sehemu ya nguvu, na itahitaji mashine ya kuitia sumaku upya. Mpasuko mdogo wa koni yeye huuziba kwa kipande cha karatasi nyepesi na gundi kidogo sana, kwani kila gramu inayoongezwa huondoa kitu katika sauti za juu, zile ambazo benga inazihitaji. Ile nta inayonata kwenye ukingo wa koni haibandui wala haifuti. Iliwekwa kiwandani kwa makusudi.

Kufunga koni mpya ni kimbilio la mwisho kabisa. Fremu na sumaku zitabaki za 1966, lakini sauti itakuwa ya kiwanda kilichotengeneza koni hiyo juzi. Nakubaliana na mafundi wanaomwambia mnunuzi wazi kwamba koni imebadilishwa, na wanaoonyesha alama ambazo mwingine angezificha: gundi inayong’aa mno, kofia nyeupe kwenye fremu iliyofifia, mikwaruzo ya kisu ukingoni.

Zikipatikana spika mbili zinazolingana, zitakaa kasha moja. Fundi hugusisha betri ndogo kwenye kila moja, chanya kwa chanya, na kutazama koni inakwenda upande gani. Zikienda kinyume, besi itapotea hewani hata kama kila moja ni nzima, kwa hiyo hugeuza waya za moja. Humwonya mwenyewe pia: hizi ni za wati 15 kila moja, si za gitaa la besi, na zikipelekwa disko matanga hazitafika asubuhi.

Hapo ndipo amplifaya huwashwa, na mpiga solo huitwa. Fundi humwomba apande juu ya shingo ya gitaa, noti moja moja, bila haraka, naye anainama kando ya kasha akisubiri ile itakayokwaruza. Ikipatikana, anaisimamisha hiyo hiyo, anakaza skrubu moja ya fremu, kisha anamwambia arudie kuanzia chini.