Lugha ya Mama na Kiambaza cha Kati: Uhakiki wa Utume wa Nikolai Ilminsky kwa Watatari

Katika masomo ya historia ya utume jina la Nikolai Ilminsky (1822–1891) hutajwa kwa heshima, na kwa kawaida sifa zake hufupishwa katika neno moja: kwamba aliwapa Watatari wa Urusi Injili katika lugha yao wenyewe. Makala hii haikusudii kuipinga sifa hiyo, kwa kuwa ni ya kweli. Inakusudia kuuliza swali ambalo sifa hiyo hulifunika: je, lugha ile ilifunguliwa kwa ajili ya nani, na nani alifungiwa nje? Swali hili linawahusu wote wanaojiandaa kuhubiri mahali ambapo Wakristo na Waislamu husema lugha moja.

1. Hali aliyoikuta

Watatari ni mojawapo ya mataifa yasemayo lugha za jamii ya Kituruki, pamoja na Waturuki wenyewe, Wauzbeki, Wakazaki, Wauighuri na wengineo. Mji wao wa Kazan, karibu na mto Volga, ulitekwa na Kaisari Ivan wa Nne mwaka 1552, na tangu hapo ubatizo ukafuata nyayo za upanga. Katika miaka ya 1740 serikali ya Urusi ilibomoa misikiti mingi, na maelfu ya watu wakabatizwa kwa kutishwa au kwa kuahidiwa nafuu ya kodi. Wengi wao hawakufundishwa. Ibada ilisomwa kwa Kislavoni cha kale, ambacho hawakukielewa. Si ajabu kwamba katika miaka ya 1860 vijiji vizima vilipeleka maombi ya kutaka kutambuliwa kuwa vya Kiislamu.

Hiyo ndiyo hali aliyoikuta Ilminsky, mwalimu wa Chuo cha Teolojia cha Kazan, aliyekuwa amepelekwa Cairo kujifunza Kiarabu na dini ya Kiislamu.

2. Alichokifanya

Mwanzoni Ilminsky alitafsiri kwa Kitatari cha wasomi, kwa herufi za Kiarabu. Baadaye aligundua kwamba wanakijiji waliobatizwa hawakuielewa lugha hiyo, kwa kuwa ilikuwa lugha ya madrasa. Akaiacha, akachukua lugha isemwayo nyumbani, akaiandika kwa herufi za Kirusi. Mwaka 1864 shule ya Watatari waliobatizwa ilifunguliwa Kazan, mwalimu wake akiwa Vasily Timofeev, yeye mwenyewe Mtatari, ambaye baadaye aliwekewa mikono kuwa kasisi. Liturujia ikaimbwa kwa Kitatari. Mwaka 1870 serikali iliukubali mfumo huo kwa shule za mataifa yasiyo ya Kirusi, na mwaka 1872 Ilminsky akawa mkuu wa chuo cha ualimu mjini humo. Kwa kufuata njia yake, Ivan Yakovlev aliwatengenezea Wachuvashi, watu wengine wa jamii ya Kituruki, alfabeti ya lugha yao.

Mlutheri hawezi kusoma habari hizi bila kufurahi. Katika waraka wake wa mwaka 1530 juu ya kutafsiri, Luther aliwaelekeza watafsiri wamsikilize mama nyumbani, watoto njiani na mtu wa kawaida sokoni. Ilminsky alifanya hivyo hivyo. Tena alithubutu kuwakabidhi wenyeji madhabahu, jambo ambalo misioni nyingi za wakati wake ziliogopa.

3. Mahali pa kuhoji

Lamin Sanneh, mwanazuoni mzaliwa wa Gambia, alifundisha katika kitabu chake *Translating the Message* (1989) kwamba kutafsiri Maandiko kunawapa heshima wanaoyapokea, na kunaondoa utamaduni wa mmisionari katika kiti cha enzi. Mafundisho hayo yametusaidia sana Waafrika. Yamethibitika kwa Wachuvashi pia, kwa maana maandishi ya lugha yao yalikua kutokana na kazi hiyo na kupita mipaka ya makusudi ya watawala.

Hata hivyo habari za Kazan zinaonyesha kwamba tafsiri yaweza kufanya kazi mbili kwa wakati mmoja. Mtatari aliyejua herufi za Kirusi peke yake hakuweza kusoma kitabu chochote cha ndugu zake Waislamu. Na Mwislamu jirani yake hakuwa na hamu ya kufungua kitabu kilichoandikwa kwa herufi za dola iliyobomoa misikiti ya babu zake. Jambo hili halikutokea kwa bahati mbaya. Ilminsky alikusudia kuwatenga waliobatizwa na mvuto wa ndugu zao. Lugha ya mama ikawa mlango kwa aliye ndani, na ikawa kiambaza cha kati kwa aliye nje, kile ambacho Efe. 2:14 hutufundisha kwamba Kristo amekibomoa.

Mtu aweza kujibu kwamba mchungaji ana wajibu wa kulinda kundi. Ni kweli. Lakini zizi la Ilminsky lililindwa pia na sheria ya Kaisari, ambayo ilimkataza mtu kulihama Kanisa la Kiorthodoksi. Sheria hiyo ilipolegezwa kwa amri ya Aprili 1905, maelfu ya Watatari walioandikwa kuwa Wakristo walirudi rasmi katika Uislamu. Haki inatudai tuseme pia kwamba wapo waliobaki. Wajukuu wao, waitwao Wakryasheni, husali kwa Kitatari hata leo. Hao ni tunda la shule na liturujia. Lakini walioondoka ni ushahidi kwamba sheria huweza kushika jina la mtu katika daftari bila kuushika moyo wake.

Hapa Luther anatuonya tena. Mwaka 1529, Waturuki walipokuwa wakielekea Vienna, aliandika kwamba Kaisari awalinde raia wake kwa kuwa huo ni wajibu wa mtawala, lakini asipigane kana kwamba yeye ni kichwa cha Wakristo au mlinzi wa Injili. Neno la Mungu halihitaji askari wa zamu.

4. Njia nyingine: Kashgar

Tulinganishe na kazi ya misioni ya Uswidi katika mji wa Kashgar, magharibi ya Uchina. Mmisionari wa kwanza kukaa huko, kuanzia 1892 hadi 1897, alikuwa John Avetaranian, Mturuki aliyezaliwa Erzurum mwaka 1861, akalelewa katika Uislamu, akabatizwa Tiflis mwaka 1885. Yeye alitafsiri Injili kwa Kituruki cha Kashgar na kuiandika kwa herufi za Kiarabu, zile zile zilizotumiwa na watu wa mji huo. Hakuwa na amri ya kaisari nyuma yake. Waliobatizwa walikuwa wachache. Mwaka 1933 baadhi yao walifungwa na kuuawa, na mwaka 1938 wamisionari walifukuzwa. Biblia nzima ilichapishwa Cairo mwaka 1950, wakati misioni yenyewe haipo tena.

Kwa hesabu ya sharika, Ilminsky amemshinda Avetaranian. Lakini kitabu cha Kashgar kiliweza kusomwa na imamu aliyekipinga na mwuza duka aliyekitamani. Yeyote mwenye elimu ya mji ule aliweza kukichunguza mwenyewe, na hiyo ni sehemu ya maana ya kuhubiri.

5. Tunavyohusika

Tusidhani kwamba haya ni mambo ya Urusi tu. Johann Ludwig Krapf, katika sarufi yake ya Kiswahili iliyochapishwa mwaka 1850, alichagua herufi za Kilatini, na miongoni mwa sababu zake ilikuwa hofu kwamba herufi za Kiarabu zingeufungulia Uislamu njia ya kwenda bara. Ndugu yetu katika imani ya Kilutheri, Karl Roehl, katika Biblia yake ya mwaka 1937 alijitahidi kupunguza maneno yenye asili ya Kiarabu. Alitaka Mwafrika wa bara aelewe, na nia hiyo ni njema, kama ilivyokuwa nia ya Ilminsky. Lakini msomaji wa Tanga, Kilwa au Unguja angeweza kuuliza kama Kiswahili chake kimehesabiwa kuwa najisi. Biblia ya Muungano ya mwaka 1952 ilibaki na *dhambi*, *rehema*, *sala* na *nabii*, maneno ambayo Mkristo na Mwislamu huyasikia pamoja, na penye tofauti ya maana wanaweza kujadiliana.

Kwa hiyo napendekeza kwamba katika somo la utume Ilminsky aendelee kufundishwa, lakini afundishwe pamoja na amri ya mwaka 1905. Na tunapopima tafsiri, wimbo au kijitabu cha uinjilisti, tusiridhike kumwuliza mwumini aliye kanisani kama ameelewa. Tumpelekee pia jirani yake anayetoka msikitini, tumsomee, kisha tumsikilize anavyotueleza alichokisikia.