Kinga Isiyoombwa katika "Adili na Nduguze"

Katika mwambao wa Bagamoyo, Saadani na Pangani ni desturi ya zamani mtoto mchanga kufungwa hirizi kabla hajajua kusema. Hakuna amwulizaye, wala hapana alaumuye. Shaka huingia pale akingwaye ni mtu mzima, mwenye akili na ulimi wake, naye amekwisha kusema hataki. Shaka hiyo imo katika "Adili na Nduguze", hadithi ya ajabu ya Shaaban Robert iliyochapwa mwaka 1952, nayo ni rahisi kuipita kwa kukimbilia husuda ya ndugu.

Kisa chajulikana. Adili amwokoa Huria, jini mwanamke, na adui yake. Baadaye nduguze, Hasidi na Mwivu, wamtosa baharini, na Huria amtoa. Huria ataka kuwaua, Adili awaombea. Basi jini awageuza manyani, akamwamuru Adili awapige kila usiku, wala asithubutu kuacha. Hivyo aliyeokolewa afanywa mtesaji wa wale aliowaombea.

Jina la jini lastahili kuangaliwa. Huria ni wa ukoo mmoja na huru na uhuru, lakini mwenye jina hilo hamwachii mwenziwe hiari. Lugha yatoa ushahidi mwingine: katika kinga mna kingama, kulala kukata njia, na kingamiza, kumzuia mtu asifikie alitakalo. Mwenye kukinga na mwenye kukingamiza husimama mahali pamoja, mbele ya mtu. Tofauti ni upande walioelekea.

Atakayemtetea Huria atasema kwamba huruma ya Adili ilipita kiasi, na kwamba aliyekwisha kutoswa hana busara ya kuwaamini tena waliomtosa. Hoja ina uzito. Walakini na itazamwe kinga yenyewe usiku. Liwali wa Janibu, mtu wa haki mchana, awapiga nduguze kisha awabembeleza na kuwalisha, akaificha siri hiyo mpaka Ikibali, mjumbe wa mfalme Rai, alipoigundua. Ulinzi gani huu, ambao mlindwa auonea haya kama uhalifu?

Bagamoyo inao mfano usio wa majini. Mapadre wa Roho Mtakatifu walifika hapo mwaka 1868, wakaanzisha kijiji cha waliokombolewa utumwani. Watoto walipata chakula, mafunzo na usalama. Kazi, ibada na saa za siku zao zikapangwa na waliowakomboa. Wema huo ulikuwa wa kweli, na hiari ilikuwa haba.

Asili ya kisa cha Adili ni hadithi ya Alfu Lela Ulela juu ya Abdallah bin Fadhil, liwali wa Basra, ambaye nduguze walikuwa mbwa. Huko ndugu wafunguliwapo hujaribu kumwua. Mapigo yote ya jini hayakumkinga. Shaaban Robert aliukataa mwisho huo: nduguze Adili hutubu, wakapatana naye. Hapo mtungaji ameshinda asili yake. Kasoro imebaki katika njia. Adili alipowaombea nduguze, ombi lake liliwapatia uhai tu. Ubinadamu wao ulirudi Rai alipoandika barua. Msamaha ule ule, ukitamkwa na aliyedhulumiwa, hautoshi. Ukitiwa mkono na mfalme, watosha.