Kituo cha Ngerengere na Kituo cha Shairi

Mashairi ya kumsifu kiongozi ni tele katika Kiswahili. Mashairi ya mtu aliyemsifu kiongozi kisha moyo ukaingia shaka ni haba mno, na uhaba huo hautokani na uchache wa watu wa namna hiyo.

Mwaka 2015 Abdulrahman Kinana, Katibu Mkuu wa CCM, na Nape Nnauye, Katibu wa Itikadi na Uenezi, walikuwa mstari wa mbele kumnadi John Magufuli. Machi 2017 Nape akaondolewa uwaziri. Julai 2019 Kinana na Yusuf Makamba, makatibu wakuu wastaafu, wakawaandikia wazee wa chama kulalamika kwamba wanachafuliwa. Mwezi huohuo mazungumzo ya simu ya wakubwa wa chama, Nape akiwemo, yakasambaa nchini. Septemba Nape akafika Ikulu kuomba radhi mbele ya kamera. Februari 2020 Kinana akapewa karipio. Sifa, basi, zilitolewa jukwaani. Shaka ilinong'onwa simuni. Na kilichorudi hadharani ni toba, si shaka.

Tarbia ya siasa imejengwa kwa mpango huohuo. Kila mshororo una mizani 16, na kituo chake mara nyingi ni cha bahari: mshororo mmoja hurudi mwisho wa kila ubeti bila ya kugeuka hata silabi. Hadhira hupenda kuuitikia. Lakini kwa kituo hicho ubeti wa kumi hulazimika kuamini kile kile kilichoaminiwa na ubeti wa kwanza. Mwenye shaka anahitaji kimalizio, yaani kituo kinachobadilika ubeti kwa ubeti, au malumbano, ambamo sauti ya pili ina haki ya kujibu.

Kuna kituo kingine, Ngerengere, mkoani Morogoro. Reli ya Wajerumani iliyofika Morogoro mwaka 1907 ilipita hapo. Reli ya kisasa, ambayo Magufuli aliiwekea jiwe la msingi Aprili 2017, nayo ina kituo hapo. Ilianza kuchukua abiria Juni 2024, miaka mitatu baada ya kifo chake. Atakayekitungia kituo hicho hawezi kuikana reli, maana treni inapita. Wala hawezi kusahau kwamba mwaka uleule wa jiwe la msingi Tundu Lissu alimiminiwa risasi Dodoma, na mwandishi wa habari Azory Gwanda akatoweka Kibiti. Kituo cha bahari kitamlazimisha achague kimoja. Kimalizio kitamwachia vyote viwili.

Visiwani jambo hili si geni. Chama cha Umma cha Abdulrahman Babu kilijiunga na ASP ya Karume mwaka 1964. Mwaka 1972, Karume alipouawa, Babu akatiwa kizuizini hadi 1978. Simulizi ya kizuizi cha wakati ule ilikuja kwa nathari, katika riwaya ya Adam Shafi, *Haini*, mwaka 2003. 

Malenga aliyeimba mwaka 2015 hana haja ya kulichana daftari lake. Beti zile zilisema alichokiamini siku ile, na kuzifuta ni uongo wa pili. Aziache, kisha aongeze ubeti mmoja, wenye kituo kingine.